Rangi ya Kwanza ya Gari la Zamani: Kuokoa, Kurudisha au Kuacha

"Fundi, nataka hii gari irudi kama ilivyotoka kiwandani." Kauli hiyo husikika sana kwenye gereji za Gerezani jijini Dar es Salaam na Grogan jijini Nairobi, na mara nyingi jibu lake ni lile lile: puti, msasa, prima, rangi mpya, na baada ya muda gari linang'aa kuliko lilivyong'aa siku lilipozaliwa. Mwenye gari hufurahi na kulipa. Lakini alichofanyiwa ni kinyume cha alichoomba. Rangi ya kiwandani iliyokuwa imebaki imegeuka vumbi sakafuni, na hakuna fedha wala ufundi utakaoirudisha.

Ombi lile moja limebeba kazi tatu. Ya kwanza ni kuokoa rangi iliyopo: kuiosha, kuiondolea chaki, kuing'arisha na kuikinga. Ya pili ni kurudisha rangi iliyokwisha kupotea: kutafuta namba yake, kuichanganya upya na kuipiga kwa namna ya zama zake. Ya tatu ni kuacha: kukubali kwamba rangi iliyopo, hata ikiwa imechakaa au si ya kiwandani, ina haki ya kubaki. Kila kazi ina vifaa vyake, gharama zake na hatari zake, na mtu anayezichanganya hupoteza kitu bila kujua amepoteza nini.

Hoja ya makala haya ni kwamba kazi hizo zina mpangilio. Anayetaka kuondoa rangi ya kwanza ndiye anayepaswa kutoa sababu, si yule anayetaka ibaki. Uamuzi wa kuiacha unaweza kubadilishwa mwakani. Uamuzi wa kuikwangua haubadilishwi.

Kila zama na rangi yake

Mtu hawezi kuokoa asichokijua. Rangi ya gari la mwaka 1925 na rangi ya gari la mwaka 1985 ni vitu viwili tofauti, ingawa zote mbili zaweza kuitwa "nyeusi".

Magari ya mwanzo yalipakwa kwa brashi, kwa rangi na vanishi za mafuta zilizorithiwa kutoka kwa mafundi wa mikokoteni ya farasi. Kila tabaka lilisubiri kukauka, likasuguliwa, likafuatwa na jingine, na gari moja likakaa wiki kadhaa kwenye karakana ya rangi. Ford alipoanza kuzalisha Model T kwa wingi, ucheleweshaji huo haukuvumilika. Kuanzia mwaka 1914 hadi 1925 Model T ilitoka kwa rangi nyeusi tu, na sababu zilikuwa za kiwanda: rangi moja hurahisisha kazi, na nyeusi ile ilikuwa ya bei nafuu na ya kudumu.

Mapinduzi yalikuja na rangi ya selulosi. Kampuni ya DuPont, ikishirikiana na General Motors, ilitengeneza rangi iliyoitwa Duco, na magari ya Oakland ya mwaka 1924 yakatoka yakiwa ya buluu. Selulosi hukauka kwa tina, yaani kiyeyushi chake, kugeuka mvuke, kwa hiyo kazi ya wiki ikawa ya saa. Baadaye, katika miaka ya 1930, zikaenea rangi za enameli ya sintetiki ambazo huiva kwa joto la tanuri. Miaka ya 1950 ikaleta rangi za akriliki, na baada yake zikaja rangi za kuchanganywa na hadina, yaani kemikali ya kukaza rangi, ambazo ndizo mafundi wetu wengi wanazozifahamu leo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980 viwanda vingi vikahamia mfumo wa rangi ya chini isiyong'aa na klia, yaani tabaka angavu lisilo na rangi, juu yake.

Historia hii ina matokeo ya moja kwa moja gerejini. Selulosi huyeyuka tena ikiguswa na tina, hata baada ya miaka 60. Enameli iliyoiva tanurini haiyeyuki kirahisi. Rangi yenye hadina hustahimili zaidi. Fundi makini huchukua kitambaa cheupe chenye tone la tina, akagusa mahali pasipoonekana, kama chini ya zulia la buti. Rangi ikihamia kwenye kitambaa na uso ukalainika, huenda ni selulosi au akriliki ya zamani. Ikikunjamana, inaelekea ni enameli isiyoiva tanurini. Ikibaki kama ilivyo, inaelekea ni enameli iliyoiva tanurini au imechanganywa na hadina, na kama ni ya hadina na gari ni la mwaka 1958 basi tayari tunajua kwamba hiyo si rangi ya kwanza.

Jambo jingine ni klia. Gari la rangi moja la miaka ya 1960, kwa mfano Peugeot 404 nyeupe au Volkswagen ya buluu, halikuwa na klia kabisa. Rangi yenyewe ndiyo iliyong'aa. Ndiyo maana ukiisugua, kitambaa hupata rangi. Wengi hushtuka wakidhani gari linaharibika, kumbe ile ni chaki ya juu iliyochomwa na jua, na chini yake rangi ingali hai.

Kwanza lijulikane lililopo

Kosa kubwa katika kazi hii hutokea kabla msasa haujashikwa: kuamua kwa macho, ukiwa umesimama mita tatu kutoka gari lilipo. Gari lililopauka kwa jua la Dodoma laweza kuonekana limekufa kumbe limefunikwa tu na tabaka jembamba la chaki. Gari linalong'aa laweza kuwa limejaa puti, kijazio cha mabonde ya bodi.

Kifaa cha kwanza ni kipimo cha unene wa rangi. Hupima kwa maikroni, na maikroni 1,000 ni milimita 1. Rangi ya kiwandani ya magari mengi ya kawaida huwa kati ya maikroni 80 na 150, yaani jumla yake, prima na yote, ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Mlango ukisoma 110 na madigadi jirani ikasoma 280, madigadi imepigwa rangi tena. Ikivuka 1,000, chini yake kuna puti. Magari ya kifahari yaliyopakwa kwa mkono, tabaka juu ya tabaka, husoma juu zaidi hata kama hayajaguswa tangu kiwandani, kwa hiyo namba peke yake haihukumu. Kinachosema zaidi ni tofauti kati ya sehemu na sehemu.

Asiye na kipimo hicho hutumia sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa laini. Inaposhika kwa nguvu, chuma kiko karibu. Inapoteleza, kuna puti. Kwa Land Rover za zamani njia hii haisaidii, kwa sababu paneli nyingi za bodi zake ni za aloi ya alumini. Land Rover ilizinduliwa mwaka 1948, wakati chuma kikiwa cha mgao Uingereza baada ya vita, na alumini ndiyo iliyopatikana. Rangi zake za mwanzo nazo zilikuwa vivuli vya kijani, kutokana na akiba ya rangi za kijeshi. Kwa bodi kama hiyo kinahitajika kipimo kinachoweza kusoma juu ya metali isiyovutwa na sumaku.

Kifaa cha pili ni macho yanayojua pa kutazama. Rangi ya kwanza hujificha mahali ambapo jua na bunduki ya kupulizia rangi havikufika: nyuma ya kava la mlango, chini ya raba za vioo, nyuma ya dashibodi, ndani ya buti, chini ya kiti cha nyuma. Dalili za kupigwa rangi upya nazo hujificha pembeni: ukungu wa rangi kwenye raba, mstari wa utepe kwenye ukingo wa mlango, skrubu za bawaba zilizofunikwa rangi kisha zikakwaruzwa na spana.

Kifaa cha tatu ni karatasi na vibao. Viwanda vingi viliandika namba ya rangi kwenye gari lenyewe. Toyota nyingi zina kibao chenye maandishi C/TR, yaani rangi ya nje na ya ndani. 040 ni nyeupe na 202 ni nyeusi, na mafundi wengi wanazijua kwa moyo. Volkswagen za zamani zilitumia namba zinazoanza na herufi L. Namba hiyo ni ushahidi wa gari lilivyozaliwa, hata kama leo lina rangi nyingine kabisa.

Kuokoa: kazi ya uvumilivu

Rangi inayochakaa kwetu huchakaa kwa njia zake. Karibu na ikweta miale ya jua huangukia boneti na paa karibu wima kwa mwaka mzima, ikivunja gundi inayoshikilia chembe za rangi, na chembe hizo hubaki juu zikiwa chaki. Rangi nyekundu nyingi za zamani ndizo huumia mapema. Mombasa, Tanga na Unguja upepo wa bahari huleta chumvi inayopenya kwenye kila mkwaruzo. Barani vumbi jekundu husuguliwa na kitambaa kikavu cha dereva kila asubuhi, na kila msuguo huacha mikwaruzo. Kwa hiyo pua, boneti na paa vyaweza kuwa vimekwisha huku milango ikiwa na rangi nzima. Gari moja lina magonjwa tofauti na linastahili matibabu tofauti.

Kazi huanza kivulini, bodi ikiwa imepoa, kwa maji mengi na shampuu ya gari isiyo kali. Sabuni ya unga haifai, kwani hukausha rangi na kung'oa waksi. Kisha uchafu ulionasa juu ya rangi hutolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, ukilainishwa kwa maji ya sabuni. Baada ya hapo ndipo linachaguliwa eneo dogo la majaribio, la ukubwa wa kiganja, mahali pasipoonekana. Linaanza kusuguliwa kwa polishi laini kuliko zote, kwa mkono. Ikitosha, hakuna sababu ya kupanda ngazi. Isipotosha, inajaribiwa yenye ukali kidogo zaidi.

Kanuni hii ni kinyume cha mazoea. Wengi huanza na kompaundi kali na mashine, kwa sababu matokeo huonekana upesi. Lakini kila duru ya kompaundi kali huondoa maikroni kadhaa, na gari limekwisha kusuguliwa na wamiliki wanne waliotangulia. Kwenye kingo za boneti na mistari ya mwili, rangi ni nyembamba zaidi, na hapo mashine hutoboa hadi prima kwa sekunde chache. Fundi mzuri hufunika kingo zote kwa utepe kabla ya kuwasha mashine, akazimalizia kwa mkono.

Rangi isiyo na klia iliyokauka sana hunufaika na mafuta ya kung'arisha. Hupakwa kwa wingi, yakaachwa usiku kucha, kisha kazi ya polishi ikaendelea. Rangi hurudia kina chake kwa kiasi cha kushangaza: nyekundu iliyokuwa ya waridi huwa nyekundu tena. Rangi za zamani zenye chembe za alumini ambazo hazikuwa na klia zinahitaji hadhari zaidi, kwa sababu ukizisugua unagusa chembe zenyewe, zikafifia na kuwa kijivu bila kurudi. Hapo inafaa kusafisha tu na kukinga.

Mwisho ni waksi, na baada ya waksi ni kivuli. Gari lililookolewa likaachwa juani litarudi kwenye chaki. Turubai la plastiki nalo ni adui, maana hushika unyevu na kulea kutu. Kinachofaa ni kifuniko kinachopitisha hewa, na banda lenye paa.

Palipo na mkwaruzo hadi chuma, kutu inasimamishwa pale pale: inakwanguliwa kwa uangalifu, inatiwa dawa ya kutu, prima, kisha rangi ya kugusia kwa brashi ndogo. Doa litaonekana kwa anayechungulia. Na liachwe lionekane. Doa la mkononi lenye ukubwa wa punje ni bei ndogo kulipa kuliko mlango mzima kupigwa upya kwa ajili yake.

Kuna hali moja ambayo wengi hawaijui. Gari lililopigwa rangi juu ya rangi ya kiwandani bila kukwanguliwa laweza kuvuliwa tabaka la juu na kufikiwa la kwanza. Hilo linawezekana zaidi pale selulosi ilipopigwa juu ya enameli iliyoiva tanurini: tina huilainisha ya juu na kuiacha ya chini. Hufanyika paneli kwa paneli, polepole, na huenda ikafichua sababu ya gari kupigwa rangi, kama ajali au kutu. Lakini palipofanikiwa, kilichodhaniwa kimepotea hupatikana.

Kurudisha: pale ambapo hakuna cha kuokoa

Kuna magari ambayo hayana tena rangi ya kwanza. Bodi imeliwa na kutu, au imekwisha kwanguliwa hadi chuma zamani, au sehemu kubwa imebadilishwa. Hapo kurudisha ni halali na ni heshima kwa gari. Swali ni kurudisha nini.

Jambo la kwanza ni kivuli cha rangi. Namba ya kiwanda humpa mchanganyaji mwanzo, si mwisho. Michanganyiko ya leo hutumia chembe za leo. Baadhi ya chembe za zamani zilikuwa na risasi ndani yake, na watengenezaji wengi wameziacha. Sampuli iliyochukuliwa nyuma ya kava la mlango ni shahidi bora kuliko kitabu, kwa sababu haikuona jua. Sampuli hiyo ilinganishwe na mchanganyiko mpya nje, asubuhi na mchana, kisha ndani chini ya taa. Rangi mbili zinaweza kufanana kabisa juani na kutofautiana kabisa chini ya taa ya tyubu, maana chembe tofauti hurudisha mwanga kwa namna tofauti.

Jambo la pili ni uso. Rangi ya kiwandani haikuwa kioo. Ilikuwa na mawimbi madogo kama ganda la chungwa, chini ya madigadi ilikuwa nyembamba, na ndani ya boneti mara nyingi ilikuwa hafifu. Fundi anayesugua kila kitu kwa msasa wa maji namba 2,000 na kumalizia kwa klia tatu anatengeneza gari zuri sana ambalo kiwanda hakikuwahi kulitoa. Kwa gari la rangi moja la kabla ya miaka ya 1980, rangi isiyo na klia, iwe ya selulosi au ya hadina, hukaribia ukweli zaidi.

Jambo la tatu ni kilicho chini. Rangi haishiki juu ya kutu, na puti si mbadala wa bati. Kutu iliyokatwa na kipande kipya kilichochomelewa vizuri hudumu. Kutu iliyojazwa puti hurudi baada ya masika mawili, ikiinua rangi mpya kwa malengelenge. Kwa alumini ya Land Rover inahitajika prima maalumu ya kushika metali hiyo, na pale alumini inapokutana na chuma lazima vitenganishwe, la sivyo chumvi na unyevu vitaila alumini, ikageuka unga mweupe.

Jambo la nne ni afya ya fundi, ambalo hapa kwetu halipewi uzito wake. Hadina za rangi nyingi zina kemikali za aisosianeti, zinazosababisha pumu ya kazini. Mtu akishapata mzio huo, hata kiasi kidogo cha baadaye humletea shambulio. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huo. Anayepulizia anahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kutoka nje ya chumba. Kadhalika vumbi la rangi ya zamani linaweza kuwa na risasi, hasa kwenye njano, nyekundu na prima za kuzuia kutu. Rangi hiyo ikikwanguliwa kavu kwenye uwanja ambao watoto wanapita, vumbi lake linabaki udongoni. Isuguliwe kwa maji, vumbi likusanywe, na watoto wakae mbali. Kuiacha rangi iliyokwisha kutulia mahali pake ni salama kuliko kuigeuza vumbi, na hiyo nayo ni hoja ya kuokoa.

Asili ipi?

Hapa ndipo suala linapokuwa zito, na ndipo majibu mepesi yanapoanguka.

Mwaka 2024, kwenye maonyesho ya Pebble Beach nchini Marekani, tuzo ya juu kabisa ilikwenda kwa Bugatti Type 59 la mwaka 1934 ambalo halikufanyiwa ukarabati wa kung'arishwa. Ilikuwa mara ya kwanza gari la daraja la uhifadhi kushinda tuzo hiyo. Gari hilo lilikuwa la mashindano, kisha likanunuliwa na Mfalme Leopold III wa Ubelgiji, akalipaka nyeusi yenye mstari wa njano. Rangi iliyopendeza majaji haikuwa ile ya siku za kiwanda. Ilikuwa ile ya mfalme, ikiwa imepasuka na kuchakaa. Kama mtu angeling'oa weusi ule ili kurudisha buluu ya mashindano ya Kifaransa, angerudisha gari la mwaka 1934 na kuua gari la Leopold.

Miaka tisa kabla, Februari 2015 jijini Paris, mnada wa Artcurial uliuza magari ya mkusanyo wa Baillon yaliyokutwa mabandani magharibi mwa Ufaransa, yakiwa na vumbi na kutu vyake. Ferrari 250 GT California Spider moja ilifika zaidi ya euro milioni 16 bila kusafishwa. Soko lilikuwa limeanza kulipia ushahidi.

Msimamo huo una maandiko. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lina Mkataba wa Turin, uliokamilika mwaka 2013. Unatenganisha uhifadhi na ukarabati, unatanguliza uhifadhi, unataka kila kazi iwekewe kumbukumbu, na unaheshimu alama za maisha ya gari, yakiwemo mabadiliko yaliyofanywa lilipokuwa likitumika.

Kwa Afrika Mashariki mtazamo huo unatuhusu kuliko tunavyodhani. Peugeot 504 ziliunganishwa pia nchini Kenya. Gari linalokuja vipande huchomelewa na kupakwa rangi mahali linapounganishwa. Kwa gari la namna hiyo rangi ya kiwandani ni kazi ya mikono ya wafanyakazi wa hapa, na anayeikwangua ili kuiga sampuli ya Ufaransa anafuta historia ya viwanda vyetu.

Tazama pia magari ya Safari Rally. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland aliyekuwa akiishi Tanzania. Datsun 240Z ikashinda mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Datsun hizo za timu ya kiwanda zilikuwa nyekundu zenye boneti nyeusi isiyong'aa, ili mwanga wa jua usirudi machoni mwa dereva. Gari la kawaida la familia lililowahi kushiriki, likabaki na kivuli cha namba ya mashindano mlangoni na alama za mawe ya Tsavo kwenye pua, limebeba jambo ambalo hakuna fundi anayeweza kulitengeneza upya.

Jijini Dar es Salaam, Makumbusho ya Taifa yanahifadhi Rolls-Royce iliyotumiwa kwanza na serikali ya kikoloni ya Waingereza na baadaye na Mwalimu Julius Nyerere. Kwa gari kama hilo, kuuliza "rangi ya asili ni ipi?" ni kuuliza historia ya nani ipewe kipaumbele. Jibu la busara ni kutochagua kwa msasa: tabaka zote zibaki, zipimwe, zipigwe picha, zielezwe kwa wageni.

Hoja za upande wa pili

Kuna pingamizi za kweli. Ya kwanza ni kwamba gari ni chombo, si sanamu, na mwenye nalo ana haki ya kulipenda likiwa jipya. Haki hiyo ipo. Ila haki ya kubadilisha huambatana na wajibu wa kujua kinachobadilishwa. Mwenye gari aliyepimiwa, akaonyeshwa kwamba asilimia kubwa ya rangi yake ni ya kwanza, kisha akachagua upya, ameamua. Aliyekuta gari limekwisha kwanguliwa ameamuliwa.

Ya pili ni kutu. Wengine husema kuhifadhi rangi ni kuhifadhi uozo. Hii ni kweli pale kutu inapoachwa. Lakini mlango mmoja ulioliwa hautoi ruhusa ya kukwangua mitatu mizima. Mlango ule utengenezwe, upigwe rangi iliyolinganishwa na majirani zake waliozeeka, na kazi iandikwe.

Ya tatu ni riziki ya mafundi. Gereji hulipwa kwa kupiga rangi, si kwa kuacha kupiga. Pingamizi hili ni zito, na linajibiwa kwa bei, si kwa mahubiri. Siku nne za kupima, kuosha, kusugua kwa mkono na kugusia ni kazi ya ujuzi na inastahili malipo ya ujuzi. Mteja anayetaka fundi aokoe rangi yake, kisha akabishana malipo kwa sababu "hujapiga hata rangi", ndiye anayemsukuma fundi kwenye puti.

Ya nne ni mashindano. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 Nairobi imekuwa na Concours d'Elegance, ambako magari hukaguliwa kwa usafi na hali yake, ndani, nje na chini. Mashindano ya aina hiyo yamefundisha vizazi kutunza magari, na hilo ni jema kubwa. Lakini mizani ya usafi na mng'aro, popote inapotumika peke yake, humtuza aliyepaka jana kuliko aliyetunza miaka 50. Daraja maalumu la magari yasiyopakwa upya, kama lile ambalo Pebble Beach iliweka mwaka 2001, lingebadilisha kinachotafutwa na wamiliki, na mafundi wangefuata.

Namna ya kuamua

Kwa mwenye gari la zamani aliyesimama mbele ya uamuzi, maswali manne yanatosha.

Kwanza, ni kiasi gani cha rangi ya kwanza kimebaki? Bila vipimo na picha, hakuna kazi inayoanza. Pili, je, chuma kilicho chini ni kizima? Kikiwa kizima, rangi mbaya si sababu ya kukwangua. Tatu, rangi iliyopo, hata isipokuwa ya kiwandani, inasimulia jambo gani: mashindano, taasisi, teksi, msafara wa kiserikali, familia? Nne, je, kazi inayopendekezwa inaweza kurudishwa nyuma? Waksi inaondolewa. Polishi laini inapunguza kidogo. Msasa haurudi.

Majibu yakionyesha kuokoa kunawezekana, rangi iokolewe. Yakionyesha sehemu zimekwisha, zirudishwe sehemu hizo tu. Yakionyesha karibu hakuna kilichobaki, rangi yote irudishwe kwa namba, sampuli na uso wa zama zake, na liachwe eneo moja dogo la rangi ya zamani, ndani ya buti au nyuma ya kava, ambalo fundi wa miaka 40 ijayo ataweza kulipima. Kwa vyovyote, gari liwe na daftari lake: namba ya rangi, vipimo vya kila paneli, picha za kabla na baada, jina la rangi iliyotumika na tarehe.

Magari ya zamani tuliyobaki nayo si mengi, na yaliyobaki na rangi yake ni machache zaidi. Yameokoka jua, chumvi, barabara mbovu na wamiliki wenye haraka. Gereji itakayokuwa ya kwanza kumwambia mteja, "Bosi, hii rangi bado nzima, tuiokoe," na kumtoza bei ya haki kwa kazi hiyo, itakuwa imefanya kwa urithi wetu zaidi ya maonyesho yoyote ya mng'aro. Kipimo cha unene wa rangi ni kidogo kiasi cha kuingia mfukoni, na kununua kimoja ndiyo hatua ya kwanza.